Kabuti ya Kukamulia

Ruiri, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Teresia,

Muga? Mimi mzima, Mama yuko, ng'ombe wetu Kendi yuko. Naandika Kiswahili cha mtihani kwa sababu ulisema mlezi wenu hufungua barua zote za ninyi wanovisi mnaosomea usista na yeye Kimeru hajui. Sista mlezi, kama unasoma hapa, habari yako, na pole kwa mwandiko.

Nimepata kazi! Ndiyo, mimi Kagwiria. Ni kliniki ya meno pale Meru mjini, kwa daktari mmoja anaitwa Muthamia. Nakaa mezani karibu na mlango, napokea wagonjwa, naandika majina, nashika simu. Niko kwenye majaribio mpaka Pasaka. Akiniridhia ananiandika kazi kabisa, na bima juu, na bima hiyo itamchukua Mama pia. Unajua mkono wake wa kulia tangu kiharusi haushiki hata kikombe. Yale mazoezi ya hospitali tuliyaacha kwa sababu hatukuweza. Kwa hivyo hii kazi si ya kuchezea.

Sasa shida yangu, na usicheke. Nanuka ng'ombe.

Tangu Baba afariki mwaka jana, mimi ndiye nakamua. Naamka, navaa ile kabuti yake, natoa mavi, nakata majani ya nepia, nakamua, napeleka maziwa barabarani kwa pikipiki ya deri, narudi naoga, navaa, nakimbia. Naoga, Teresia! Nasugua mpaka ngozi inalia. Lakini nikishafika pale, chumba ni cha vioo, jua likipanda kidogo tu, Carol anayemsaidia daktari anainuka kufungua dirisha. Anafungua tu. Ijumaa alisogeza kiti chake mpaka karibu na mlango wa choo. Afadhali choo kuliko mimi, jameni.

Kila asubuhi nikitoka namwinamia Mama namwuliza, "Nanukia aje?" Ananinusa shingoni anasema, "Unanuka nyumbani." Sasa hilo ni jibu?

Na kabuti yenyewe hairuhusiwi kufuliwa. Mama anasema Kendi amezoea kabuti hiyo tangu akiwa mtamba, ati akikosa kuisikia puani hataachilia maziwa. Mimi naona ni mambo ya wazee. Kila asubuhi anakuja na kigoda chake zizini, anakaa karibu nami kabisa mpaka nimalize. Anasema ananiangalia nisimwumize ng'ombe.

Wewe huko mna ng'ombe, na ukitoka zizini unaingia kanisani kupiga magoti katikati ya watu. Mnafanyaje? Nifundishe haraka.

Dada yako,
Kagwiria


Kanja, 28 Januari 2024

Dada mpendwa,

Nimecheka, nisamehe. Mlezi pia amecheka, nilimsikia kupitia ukutani. Hongera sana kwa kazi. Nimekuombea kwenye sala za asubuhi nikiwa bado na mavi kwenye kisigino, kwa hivyo Mungu ameshazoea harufu ya familia yetu.

Sikiliza sasa. Nimemwuliza Sista Anselima, yeye amefuga ng'ombe wa nyumba hii tangu sisi hatujazaliwa.

Kwanza nywele. Wewe unasugua ngozi, na nywele ndizo zinabeba. Vaa mfuko wa plastiki kichwani, halafu kitambaa juu yake, ufunge masikio. Kama umesuka, fumua, uzi wa kusukia unanywa harufu. Pili, maji baridi kwanza, ya moto baadaye. Tatu, ndimu kwenye mikono na chini ya kucha, na uyaache mafuta ya kukamulia huko huko zizini, usijipake kama losheni, najua unajipaka. Nne, nguo za kazi zisilale nyumbani. Jiko letu na zizi vimepakana ukuta, zinavuta usiku kucha. Peleka kwa Gladys jirani, uwe unavalia huko.

Tano, na hili ndilo kubwa. Ile kabuti, dada! Nilipopewa ruhusa kuja mazishini niliiona kwenye msumari ikisimama yenyewe kwa uchafu, nikasema Mungu wangu. Unaiweka mwilini kila siku halafu unashangaa. Ichemshe. Itie sabuni ya unga, uisugue na brashi, uianike kwenye upepo wa Ruiri siku nzima. Ng'ombe ni ng'ombe, anafuata chakula. Sisi hapa tunabadilishana zamu, leo mimi kesho mwingine, na wanakamuliwa vizuri tu. Kendi wenu simjui, nilitoka nyumbani akiwa ndama, lakini hawezi kuwa malkia.

Na kuhusu Carol, itolee Mungu hiyo aibu kama sadaka. Itakusaidia.

Mdogo wako katika Kristo,
Teresia


Ruiri, 11 Februari 2024

Teresia,

Nimefanya yote isipokuwa moja. Nimefumua nywele, sasa nina kichwa kama cha kuku aliyenyeshewa. Nguo ziko kwa Gladys. Ndimu zimeisha kwenye mti wake na ameanza kuniangalia vibaya. Jumatatu niliharakisha nikatoka na ule mfuko wa plastiki kichwani chini ya kitambaa, nikaukumbuka kliniki wakati mgonjwa aliniuliza ni nini kinachotoa sauti.

Ilipungua kwa siku mbili tatu. Halafu Jumatano akaja mama mmoja mkubwa mkubwa na mtoto wa kike wa nasari. Mtoto akasimama mbele yangu akasema kwa sauti, "Mami, hapa kuna ng'ombe." Watu wakacheka. Mama yake akamfinya. Mtoto akalia, "Lakini kuna ng'ombe!" Daktari akatoka na glavu mkononi kuangalia ni kelele gani.

Jioni aliniita. Si mtu mbaya, Teresia, na hiyo ndiyo iliniumiza. Hakuniangalia usoni. Alisema, "Kagwiria, kazi yako ni safi. Lakini mtu akija hapa anafungua mdomo, anavuta pumzi, anaogopa tayari. Nisaidie." Nikamwambia nitamsaidia.

Na wewe usiniambie tena niitolee Mungu sadaka. Wewe ukinuka unanuka na wenzako. Mimi nanuka peke yangu.

Nimemwomba Mama kuhusu kabuti mara mbili. Mara ya kwanza alisema hapana. Mara ya pili aliichukua kwa ule mkono mmoja akaenda nayo chumbani kwake, asubuhi akanirudishia. Lakini Alhamisi Gladys atampeleka kupimwa presha, watashinda huko. Nitaomba ruhusa nichelewe. Maji nitateka Jumatano.

Kagwiria


Kanja, 25 Februari 2024

Dada,

Nisamehe kwa lile la sadaka. Hapa tunasema maneno kama hayo mpaka tunasahau kwamba yana uzito.

Basi kabuti ilitoa maji ya rangi gani? Sista Anselima ananiuliza kila siku. Riungu wa lori la chakula cha ng'ombe anapita Meru wiki hii, nimempa sabuni mbili tunazotengeneza wenyewe, zina mchaichai. Moja yako, moja ya Mama.

Tuko kwenye Kwaresima. Mlezi ameniambia nikiendelea hivi nitaweka nadhiri za kwanza Agosti. Nimefurahi nikaenda kulia zizini, kwa sababu Baba hatakuwepo. Mwambie Mama kuhusu Agosti, mwambie taratibu.

Teresia


Ruiri, 10 Machi 2024

Teresia,

Maji yalitoka meusi, halafu kahawia, halafu tena meusi. Niliyamwaga mara nane. Mfukoni nilikuta tumbaku ya Baba imeshikana na kitambaa, nikaisugua ikatoka. Nilijivunia, nikwambie ukweli. Nikaianika, upepo ukaipiga, ikawa nyepesi kama ya mtu mwingine.

Kazini mambo yamebadilika kabisa. Carol amerudisha kiti. Ameniuliza natumia sabuni gani, nikamwambia ni ya masista. Daktari aliniambia, "Asante, Kagwiria," hivyo tu, lakini nilijua ni ya nini. Siku hizi nikirudi jioni nanuka ile dawa yao ya karafuu ya kuzibia meno.

Sasa nikueleze la nyumbani.

Mama alirudi Alhamisi hiyo akaiona kwenye kamba. Alikwenda polepole akaishika, akaweka uso wake ndani, kwenye kola. Alikaa hivyo. Akahamia kwapani, akanusa huko pia, akaenda kwenye mfuko. Nikafikiri anaangalia kama imetakata. Nikamwambia, "Si imekuwa safi, Mama?" Akasema, "Sasa ndiyo ameenda." Akaingia ndani, na uji wa jioni hakunywa.

Teresia, alikuwa haji zizini kuniangalia nikikamua. Alikuwa anakuja kukaa karibu na kabuti. Nilikuwa naye pale kila siku na sikuelewa, mjinga mimi. Siku hizi haji tena. Kigoda kiko pale pale.

Na Kendi amebana maziwa. Wazee walijua. Naingia na kabuti safi na mikono ya ndimu, ananinusa, anarudi nyuma mpaka kamba inamkaza. Nikigusa chuchu anakunja mgongo, kiwele kimejaa na hakitoki kitu, kikombe kimoja basi. Jioni nikija na karafuu ndiyo anapiga teke kabisa. Antony wa mifugo alimdunga sindano, siku hiyo akaachilia, kesho yake akabana tena. Antony akaniambia, "Huyu hakujui. Alikuwa anamjua mzee, na wewe alikukubali kwa sababu ulikuja umevaa mzee."

Upande mmoja wa kiwele umekuwa wa moto. Niambie la kufanya. Wewe ndiye ulisema.

Kagwiria


Kanja, 17 Machi 2024

Dada yangu,

Barua yako ilinifikia jana na sijalala.

Niliomba ruhusa kuja hata siku moja. Mlezi alisema mnovisi hatoki isipokuwa kwa msiba, na ng'ombe si msiba. Nikamwambia si ng'ombe, akaniuliza ni nini basi, nikarudi zizini.

Sista Anselima anasema fanyeni hivi. Acha sabuni zote mpaka Kendi akubali, na nywele uzifunue akunuse. Iweke kabuti chini ya malazi ya Kendi siku kadhaa, ishike harufu yake mwenyewe, halafu uivae. Mwombe Mama akae upande wa kichwa amsemeshe, sauti anaijua. Na mumkamue huo upande wa moto kila mara, hata usiku, msiache kitu ndani. Najua ni Juma Kuu linakuja na daktari wako anaamua. Fanya wiki moja tu. Wiki moja hawawezi kukufukuza.

Usimwambie Mama kwamba ni mimi niliyesema ifuliwe. Hapana, mwambie. Mwambie sikujua. Mimi nilikuwa naona uchafu tu, dada. Sasa nikifunga macho nakumbuka Baba akituchukua shuleni mvua ikinyesha, anatufunika ndani ya kabuti wote wawili, na ile harufu, na siwezi kuipata. Nimejaribu kanisani nikajaribu zizini.

Teresia


Ruiri, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Kendi ameenda. Tulifanya kama mlivyosema. Kabuti ilishika harufu ya ng'ombe, hiyo ilikuwa rahisi. Mama alikuja akakaa kichwani, akamsemesha, na Kendi akaachilia kidogo. Lakini kiwele kilikuwa kimeshaharibika pande mbili, kinatoa maji na damu. Antony alisema hata akipona atakuwa wa kula tu, si wa kukamuliwa. Gachoki wa bucha alikuja na gari lake Jumanne baada ya Pasaka. Kendi hakutaka kupanda. Mama akaniambia, "Mvalishe mtu kabuti." Nikaivaa nikatangulia kwenye gari, akanifuata.

Kabuti nimeirudisha kwenye msumari. Mama haigusi. Anasema inanuka ng'ombe tu.

Mimi kazini niko sawa. Usiwe na wasiwasi. Wagonjwa ni wengi siku hizi, mvua imeharibu barabara lakini wanakuja. Sasa hakuna zizi la kunipaka chochote, asubuhi naoga kwa nafasi, natoka nimepumzika. Bima inashughulikiwa. Wewe soma, uweke nadhiri zako Agosti. Hapa nimeshika.

Dada yako,
Kagwiria


Kanja, 5 Mei 2024

Dada mpendwa,

Nimelia kwa Kendi na nimelia kwa furaha kwa ajili yako. Angalau kazi imebaki. Ni kama Mungu ameacha dirisha moja wazi. Nilikuwa nimeshamwambia mlezi kwamba kama nyumbani hakuna mtu anayeingiza kitu, sitaweka nadhiri, nitarudi nimshike Mama. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi nifikirie. Nimesoma barua yako nikaenda kumwambia nabaki.

Kwa hivyo ujue, Agosti yangu umeinunua wewe. Mwambie daktari Muthamia siku moja nitakuja anisafishe meno bure.

Mama aendelee na mazoezi bima ikitoka. Mwambie nampenda.

Teresia


Ruiri, 9 Juni 2024

Mwanangu Teresia,

Hii ni mimi mama yako Marcella. Anayeandika ni Gladys, mimi nasema kwa Kimeru yeye anaweka Kiswahili, kwa sababu ya mlezi wako. Kagwiria ametoka.

Ametoka kama anavyotoka kila siku. Anaamka saa zile zile za kukamua, ng'ombe hayupo lakini anaamka. Anateka maji, anaoga muda mrefu. Anakwenda kwa Gladys kuvaa, anarudi kunionyesha, anatoka.

Kazi hana.

Hakuniambia. Mimi nilijua mwenyewe, wiki ile ya Pasaka. Zamani akirudi jioni, alikuwa akinisalimia nasikia karafuu kwenye nywele zake, ile dawa yao. Ilikuwa haitoki hata kwa sabuni. Halafu jioni moja akarudi hana. Nikasema labda leo hawakuziba meno. Siku iliyofuata hana. Siku zote tangu hapo anarudi na sabuni yenu ile ile ya mchaichai ya asubuhi, na vumbi la njiani. Mtu hawezi kukaa kazini siku nzima akarudi ananuka alivyoondoka.

Gladys alikwenda kule mjini kung'olewa jino, akakuta msichana mwingine mezani. Carol akamwambia Kagwiria alikuja Juma Kuu lote ananuka vibaya kuliko mwanzo, nywele wazi, mikono ina mafuta ya kukamulia, na kila mtu akamwona. Daktari alimvumilia mpaka Alhamisi Kuu. Hakupiga kelele. Alimpa barua ya kumwachisha kazi na kikombe cha chai.

Anakaa wapi mchana sijui. Gladys anasema alionekana nyuma ya kanisa la Meru, amekaa tu, miguu pamoja, mkoba juu ya mapaja. Watu wanapita, anawasalimia.

Barua yako ya mwezi wa tano niliikuta chini ya godoro lake, Gladys akanisomea. Nimeona uliyoandika kuhusu Agosti. Kwa hivyo sasa nimeelewa ni kwa nini hawezi kurudi nyuma.

Usije. Ukija sasa atajua kwamba najua, na hicho ndicho kitu kimoja amebakiza, kunificha. Weka nadhiri zako. Mkono wangu haupo wa kuleta zawadi siku hiyo, lakini nitatuma kitambaa.

Na ile ya kabuti, aliniambia ulisema wewe. Sikukasirika. Hamkujua, na mimi sikuwaambia, niliona haya kusema mbele ya watoto wangu kwamba nakaa zizini kumnusa mume wangu. Ningesema tu. Yalikuwa maneno machache.

Mwombee dada yako kazi yoyote. Mimi nimeomba mpaka nimenyamaza.

Asubuhi anakuja bado kuniinamia kitandani. Ananiuliza, "Mama, nanukia aje?" Namnusa shingoni. Hakuna kitu pale ila sabuni, mwanangu, hakuna ng'ombe, hakuna baba yenu, hakuna karafuu. Namwambia, "Uko sawa. Nenda usichelewe."

Mama yako,
Marcella